Shangazi wa Nyimbo: Kahawa ya kopo, chai ya chupa na nyimbo zake

Barua za mwezi huu, sijui mmekubaliana wapi, karibu zote zinauliza habari za Japani. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilisoma Osaka miaka ile ya mwanzo wa 2000, na usiku nilikuwa na kibarua katika duka la saa 24. Mwanafunzi wa kigeni kule haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 28 kwa wiki, na zangu nyingi ziliishia mbele ya rafu ya makopo ya moto. Kwa hiyo leo mnaniuliza mambo ya jikoni kwangu.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi wa magari hapa Changamwe, Mombasa. Mteja aliniletea Noah iliyoshuka juzi kutoka Japani, na kwenye redio kulikuwa na CD imekwama. Nilipounganisha nyaya ikaanza kuimba yenyewe: wanaume chungu nzima, wengine sauti mbovu kabisa, wanarudia "ashita ga aru, ashita ga aru". Sasa gereji nzima inauimba. Kijana wangu akautafuta kwenye simu, akaletewa kopo la kahawa na watu waliovaa suti. Wimbo na kahawa, wapi na wapi? Na hao ni waimbaji kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianzie mwisho: si waimbaji. Ni wachekeshaji wa Yoshimoto Kogyo, kampuni kongwe ya vichekesho ya Osaka. Walikusanywa wakapewa jina la Re:Japan, na mwaka 2001 CD yao ikapanda hadi namba moja kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani, sauti mbovu na zote. Mwaka huohuo bendi ya Ulfuls, nayo ya Osaka, ilitoa toleo lake la wimbo huohuo. Ukisikia kundi linaimba kama wako kwenye basi la harusi, hao ni Re:Japan. Ukisikia mwanamume mmoja anakaza koo mpaka mishipa inaonekana kwa sauti tu, hao ni Ulfuls. Mimi ni wa Ulfuls, na sitaki ubishi.

Lakini wimbo wenyewe si wao wote wawili. "Ashita ga Aru sa", yaani kesho ipo, ni wa mwaka 1963, na aliyeuimba ni Kyu Sakamoto. Huyu ndiye kijana ambaye mwezi Juni mwaka huohuo wimbo wake mwingine, "Ue o Muite Aruko", ulishika namba moja Marekani, wenyewe wakiuita "Sukiyaki" kwa kuwa jina lake liliwashinda ulimi. Muziki wa nyimbo zote mbili ni wa Hachidai Nakamura. Maneno ya "Ashita ga Aru sa" aliyaandika Yukio Aoshima, ambaye baadaye, kuanzia 1995 hadi 1999, alikuwa gavana wa Tokyo. Fikiria mtunzi wa mashairi ya mapenzi anakuja kukutawalia jiji! Sakamoto mwenyewe hakuyaona hayo. Alikufa katika ajali ya ndege ya tarehe 12 Agosti 1985.

Wimbo wa asili unamhusu mvulana wa shule anayemsubiri binti stesheni. Binti anapita, mvulana anapigwa na butwaa, hasemi kitu, anajifariji kwamba kesho ipo. Kesho yake mambo ni yaleyale. Basi.

Sasa tuje kwenye kopo. Kahawa inayoitwa Georgia ni ya Coca-Cola ya Japani, ipo sokoni tangu 1975, na jina limetokana na jimbo la Marekani yaliko makao makuu ya Coca-Cola. Wenye Georgia waliuchukua ule wimbo wa mvulana wa stesheni, wakabadilisha maneno, mvulana akageuka mfanyakazi wa ofisi: ana bosi, ana mauzo hayatembei, ana mawazo. Safari hii anayeshindwa kumwambia neno si binti, ni mkubwa wake wa kazi. Wale wenye suti aliowaona kijana wako ni wachekeshaji walewale wakiigiza wafanyakazi wa kampuni moja iliyochoka. Na mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Mwezi Julai 2001 ukosefu wa ajira Japani ulifika asilimia 5, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu hesabu hizo zianze kuwekwa mwaka 1953. Baba wa nyumba aliyekuwa na kazi alikwenda nayo kama mtu aliyebeba mayai. Halafu jioni anawasha televisheni, anaambiwa kesho ipo.

Unauliza wapi na wapi. Ili uone panapokutana, lazima umjue mnywaji.

Kahawa ya kopo ya maziwa ilianza kuuzwa mwaka 1969 na kampuni ya UCC ya Kobe. Mwenyewe, Tadao Ueshima, alikuwa akisimulia kwamba siku moja alinunua kahawa ya maziwa ya chupa stesheni, treni ikataka kuondoka, ikambidi arudishe chupa hajamaliza, kwa sababu chupa ilikuwa ya kurudishwa. Roho ikamuuma. Kopo lingepanda naye treni. Maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka mwaka 1970 yakalifanya lijulikane, na mwaka 1973 kampuni ya Pokka ikatoa mashine ya kuuzia vinywaji inayoweza kuuza vya moto na vya baridi katika kabati moja. Kuanzia hapo kahawa ikawa ya watu walio njiani: dereva wa lori, mjenzi, karani anayekimbilia treni, askari wa zamu ya usiku.

Nimewahudumia hao. Kwenye duka letu kulikuwa na kabati la kioo karibu na kaunta lililowekwa joto la nyuzi 55 hivi, na mimi ndiye niliyekuwa nikilijaza, makopo ya chuma ya gramu 185, membamba, unayashika kwa mkono wa sweta maana yanachoma. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri wanaingia wajenzi na suruali zao pana zilizobana kwenye kifundo. Mtu anachukua kopo lake, halifungui. Kwanza analibana kwa viganja viwili. Halafu shavuni. Halafu linaingia mfuko wa koti, linapasha mbavu mpaka kwenye gari. Kunywa ni jambo la mwisho kabisa, na hata likifika, kilichomo ni sukari iliyopita jirani na kahawa. Mzee wa Lamu akionjeshwa atauliza kahawa yenyewe inaletwa saa ngapi.

Kwa mtu wa namna hiyo, wimbo mpya ni usumbufu. Matangazo mengi ya televisheni ya Japani ni ya sekunde 15. Ndani ya sekunde 15 huwezi kumfundisha mtu wimbo, lakini unaweza kumkumbusha. Chukua mnywaji wa miaka 45 mwaka ule wa 2001: wimbo ulipotoka 1963 alikuwa na miaka kama saba, aliusikia mama yake akiuimba akikuna viazi. Kiitikio tayari kimo kichwani mwake, bure, hakuna aliyekilipia. Kampuni kazi yake ni kukigusa tu, na kwa vile maneno yamebadilishwa, anayaona mabadiliko yale papo hapo, kwa sababu ya asili anayajua kwa moyo. Anatabasamu. Sekunde 15 zimekwisha.

Hapo ndipo naona kahawa ya kopo imekwenda njia yake. Wauza vipodozi ndio waliofundisha Japani kufunga ndoa ya wimbo mpya na tangazo. Shiseido mwaka 1978 ilimchukua Eikichi Yazawa na "Jikan yo Tomare", wimbo ukapanda hadi namba moja na msimu mzima ukanukia bidhaa zao. Hiyo ni biashara ya vijana: wimbo unauza rangi ya mdomo, rangi ya mdomo inauza wimbo. Kahawa ilimtafuta baba yao, na baba yao haendi dukani kutafuta CD. Yazawa huyohuyo alipokuja baadaye kutangaza kahawa ya Boss, alikuja kama mtu mzima mwenye sura ya kazi.

Na maadamu nimeitaja Boss, ile ya kampuni ya Suntory yenye mzee wa kiko, iliyoanza 1992, nikupe moja ya kuwapa gereji. Tangu 2006 tangazo lake ni la Tommy Lee Jones, mwigizaji wa Marekani, akiwa kiumbe kutoka sayari nyingine aliyetumwa kuchunguza wanadamu. Kila tangazo ana kibarua kipya: leo dereva wa teksi, kesho anachimba barabara, keshokutwa yuko nyuma ya kaunta kama mimi. Uso haucheki hata kwa dawa. Aliyebuni mfululizo huo ni Shin'ichi Fukusato, na ndiye huyohuyo aliyebuni ule wa "Ashita ga Aru sa" wa Georgia. Makopo mawili yanayopigania mfuko mmoja wa mjenzi mmoja, na anayeyasemea yote ni bwana mmoja!

Kati ya yale ya Jones, ninalolipenda ni lile lenye sauti ya Aki Yashiro na "Funauta", wimbo wake wa 1979. Kiumbe wa sayari nyingine, ambaye hashtushwi na lolote la dunia hii, anaguswa na mama huyu mwenye sauti ya mkwaruzo anayeimba habari za pombe ya bandarini. Ungekuwa Japani ungeelewa mara moja kwa nini yeye. Yashiro alikuwa malkia wa madereva wa malori. Nyimbo zake ndizo zilizowavusha usiku, na kopo la kahawa lilikuwa pembeni ya usukani muda wote huo. Tangazo halikuwa na haja ya kuonyesha lori. Alifariki Desemba 2023, na usiku nilipozipata habari niliusikiliza wimbo huo tena na tena mpaka mume wangu akauliza kuna msiba gani.

Walitumia pia "Chijo no Hoshi" ya Miyuki Nakajima, iliyokuwa wimbo wa kufungulia kipindi cha NHK, shirika la utangazaji la Japani, kilichowahusu mafundi na wahandisi wasiojulikana majina. Huo utafute, mwanangu, wewe hasa. Umeimbwa kwa ajili ya watu wenye grisi mikononi.

SWALI: Assalaam aleikum, mwandishi. Mimi ni bibi wa Zanzibar, mjukuu wangu yuko Japani kwa masomo. Amenitumia video ya tangazo la chai: msichana mdogo yuko peke yake kwenye kituo cha treni, shamba tupu, baridi, anaimba. Sikufahamu hata neno moja na machozi yamenitoka. Nikamuuliza mjukuu, akasema ni chai tu, bibi. Ni wimbo gani ule? Na chai gani ya kuliza watu?

JIBU: Wa aleikum salaam, bibi yangu. Mjukuu wako hakudanganya, ila ameacha nusu ya habari.

Chai ni Gogo no Kocha ya kampuni ya Kirin, chai ya rangi iliyo tayari ndani ya chupa, ipo tangu 1986. Wakati wa baridi inauzwa ya moto, na chupa za moto utazijua kwa vifuniko vya rangi ya chungwa. Wimbo ni "366 Nichi", wa bendi ya HY kutoka Okinawa, wa mwaka 2008. Ni wa mtu aliyeachwa na bado anapenda, na anajua kwamba ni bure. Anayeimba si HY bali ni binti mwigizaji, Moka Kamishiraishi, aliyekuwa na miaka 16 tu wakati ule. Anaimba bila mbwembwe, ala nyuma yake chache sana, unasikia hata pumzi. Nadhani pumzi ile ndiyo iliyokuliza.

Nusu iliyoachwa ni kituo. Kinaitwa Miharashidai, kiko kwenye reli ndogo ya Minamiaso, mkoa wa Kumamoto, kusini. Mwezi Aprili 2016 tetemeko kubwa lilipiga Kumamoto, likaivunja reli ile, ikabaki inafanya kazi kipande tu. Tangazo lilitoka mwishoni mwa mwaka huohuo, na halikutaja tetemeko hata kwa herufi moja. Binti anaimba, treni, chupa ya moto, kwisha. Lakini Mjapani aliyekuwa akifuatilia habari alijua yuko wapi, na alijua kwamba mbele ya reli ile njia imekatika. Reli nzima ilifunguliwa tena tarehe 15 Julai 2023.

Ndiyo maana nasema chai na kahawa kule haziimbi wimbo mmoja hata zikikaa kwenye mashine moja. Kahawa inamwimbia mtu aliye kazini, inamsukuma hadi kesho. Chai inamwimbia aliye mbali na kitu: mpenzi, kijijini, nchi ya watu, zamani.

Mfano ni chai ya oolong ya Suntory, iliyoanza 1981. Kwa miaka mingi matangazo yake yalipigwa picha China, mito, baiskeli, wasichana wa vijijini, na nyimbo zikawa za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 zilizoimbwa upya kwa Kichina. "Haru Ichiban", wimbo wa mwaka 1976 wa wale mabinti watatu walioitwa Candies, uliimbwa hivyo. "Itsudemo Yume o" pia, wimbo uliopata tuzo kubwa ya rekodi ya mwaka 1962. Pale dukani nilikuwa na mwenzangu kutoka Fujian, jimbo yanakotoka majani ya chai hiyo, msichana wa Kichina kabisa, na hakuijua hata moja. Waliokuwa wakizifuata kwa mluzi ni wazee wa Osaka wasiojua Kichina hata cha kuombea maji. Hapo ndipo nilipoheshimu ujanja wao: wimbo unaoujua, kwa lugha usiyoijua, unakuwa kama umeusikia ukutani kwa jirani, na masikio yanasimama yenyewe.

Iyemon, chai ya kijani ya chupa, ya Suntory pia, ilikuja 2004 pamoja na nyumba ya chai ya Fukujuen ya Kyoto iliyoanzishwa 1790. Hiyo haina maneno, ni muziki mtupu wa Joe Hisaishi unaoitwa "Oriental Wind", na mume na mke wa zamani wakitazamana kwenye bustani. Ilitoka mwezi Machi na baada ya siku chache ikaadimika madukani; niliwaomba radhi wateja mpaka shingo ikauma kwa kuinama. Wenzangu wanausifu sana muziki ule. Mimi naona umepigwa pasi kupita kiasi.

Na Sokenbicha, ya Coca-Cola, kazi yake yote ilikuwa kuimba orodha ya nafaka na majani yaliyomo ndani. Watoto waliijua kabla ya kujua kusoma. Kijapani changu cha nafaka nilikipata humo.

Bibi, mwambie mjukuu akutafutie pia "Kaede", wimbo wa bendi ya Spitz, binti huyohuyo aliuimba kwa chai hiyohiyo mwaka 2017. Weka kitambaa karibu.

SWALI: Shangazi, sisi ni wakulima wa kahawa hapa Moshi. Tunaambiwa kahawa yetu inapendwa sana Japani. Je, katika nyimbo hizo za matangazo upo unaoitaja Kilimanjaro? Na hilo jina wanalitumiaje?

JIBU: Jina lipo kila mahali, ndugu zangu, kwenye mifuko, kwenye menyu za migahawa na kwenye makopo. Kule mtu akisema "Kirimanjaro" anamaanisha kinywaji kwanza, mlima baadaye. Kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa Japani, Kilimanjaro ni arabika yoyote ya Tanzania, iwe ya Mbeya, Mbinga au Arusha, isipokuwa ya Bukoba. (Wahaya msinipigie simu, kanuni sikuitunga mimi.) Na mchanganyiko ukitaka kuitwa Kilimanjaro, lazima angalau asilimia 30 yake iwe kahawa hiyo. Maana yake mnaielewa: asilimia 70 inaweza kuwa ya nchi nyingine na jina likabaki lenu.

Ama wimbo, sifa hiyo ameibeba jirani. Wimbo wa kahawa unaojulikana kuliko wote Japani ni "Coffee Rumba", alioutoa Sachiko Nishida mwaka 1961. Muziki ni wa Venezuela, "Moliendo Café". Maneno ya Kijapani yanasimulia habari za mzee mmoja wa Kiarabu, mtu wa dini, aliyempa kahawa kijana aliyesahau mapenzi, na kijana akapona. Kahawa inayotajwa humo ni Mocha Matari ya Yemeni. Mlima wenu haumo. Kama kuna mtunzi Uchagani anayeweza kuibana Kilimanjaro katika sekunde 15, mimi nipo, nitamsaidia matamshi.

SWALI: Shangazi, sisi vijana wa kijiwe cha Magomeni, Dar. Mwenzetu mmoja anadai Stevie Wonder aliwahi kuiimbia kahawa ya kopo ya Japani. Tumemcheka wiki nzima. Amua.

JIBU: Mmemcheka bure. Ni mwaka 1999, kahawa inaitwa Fire, ya Kirin, na wimbo ni "To Feel the Fire". Aliutunga mwenyewe na akatokea mwenyewe kwenye tangazo. Nadhani mliwekeana kitu. Mlipeni.